Mkono wa Anselme

Jua lilikuwa linazama bodaboda ilipomshusha Ulrich kwenye njia ya matope inayoteremka kwa kina Mama Anselme, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Mkobani alikuwa na spika ndogo, na kwenye simu wimbo mmoja. Safari yenyewe haikuwa na uzito: mama ausikie wimbo wa mwisho wa mwanawe kabla ya watu kuondoa matanga, kisha yeye arudi Rwekubo kulala kwa rafiki.

Ulrich alilelewa Nakivale, lakini sasa alikuwa amepanga chumba Nyamitanga, mjini Mbarara, ng'ambo ya mto Rwizi. Humo alizichanganyia nyimbo bendi za roki za Mbarara na za kambini. Wao hurekodi, humletea vipande, naye husawazisha sauti, gitaa na ngoma mpaka wimbo usimame. Hakuajiriwa na mtu. Alikula kwa jina lake tu, na kwa kulilinda jina hilo alikuwa amefanya jambo ambalo hakumwambia yeyote.

Anselme, mpiga ngoma wa bendi ya mwimbaji Bienfait, alikufa kwa malaria muda mfupi baada ya kurekodi. Ngoma zake alizitengeneza mwenyewe kwa madebe na ngozi ya ng'ombe, na kila mara kabla ya kupiga alizikausha motoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unachelewa. Kidogo tu, lakini kila mara. Ulrich alihangaika nao mpaka akachoka. Akaogopa watu wangesema hajui kazi.

Akamfuta Anselme.

Akaweka ngoma za kompyuta, zilizonyooka kama rula. Bienfait aliposikia alilia, akasema rafiki yake hajawahi kupiga vizuri namna ile. Ulrich akainamisha kichwa, akamwacha aamini.

Sasa, njiani katikati ya mahindi, alisikia hatua nyuma yake.

Du… du.

Du… du.

Mguu mmoja ulikuwa unachelewa kuufuata mwingine. Akageuka. Hapakuwa na mtu, ila giza lililoanza kuingia na harufu… harufu ya ngozi iliyobabuka motoni. Akajiambia kuna watu wanapika. Akaongeza mwendo.

Mama Anselme alimpokea kwa mikono yote miwili, akamshukuru kabla hata hajasikia kitu. Wanawake wa jirani walikuwa wamekaa chumbani kwenye mikeka. Pembeni, ngoma za marehemu zilikuwa zimefunikwa kitenge. Ulrich akaweka spika juu ya kigoda, akaupiga wimbo.

Wanawake wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mama hakutikisa. Akaomba urudiwe, na safari hii akafumba macho mpaka mwisho.

"Ni muzuri," akasema polepole. "Lakini mukono yake iko fasi gani? Iko wapi?"

Ulrich akauliza ni mkono gani. Mama akaeleza. Walipokimbia vita Fizi, Kongo, alikuwa amembeba Anselme mgongoni, akaanguka naye, mkono wa mtoto ukavunjika. Ukaunga njiani, bila daktari, umepinda. Tangu siku ile ulichelewa katika kila kitu, hata katika kula, hata katika kubisha mlango.

"Wengine banabisha, sijue ni nani," akasema. "Yeye, nilikuwa namujuaka kwa ile kuchelewa."

Hapo ndipo Ulrich alipopaswa kusema kweli. Maneno yalimfika mdomoni. Lakini wanawake wote walikuwa wanamtazama.

"Labda ni spika, mama. Ni ndogo."

Kisha mlango ukabishwa.

Du… du.

Mama akainuka upesi kama msichana, akafungua. Nje hapakuwa na mtu. Harufu ya ngozi iliyobabuka ikaingia, ikajaa chumba kizima. Mama akasimama kizingitini akilitazama giza, akanong'ona:

"Ingia, papa, mutoto yangu. Ni kwako."

Ulrich aliokota mkoba, akampita mama mlangoni bila kuaga. Spika aliiacha.

Kulipokucha alirudi Nyamitanga mbio, akafungua kompyuta. Vipande vya Anselme alikuwa amevihifadhi. Alitaka kumrudisha, na mkono wake, na kuchelewa kwake. Gitaa lilikuwepo. Sauti ya Bienfait ilikuwepo. Mistari ya ngoma kwenye skrini ilikuwa imelala, mitupu, bila sauti. Akampigia Bienfait, akaomba nakala yake ya rekodi. Humo nako ngoma zilikuwa kimya. Akaongeza sauti, akakaza hedifoni masikioni. Mwishoni kabisa akasikia kigoda kikisogezwa, kama mtu anayeinuka aende zake.

Mchana alirudi Nakivale. Matanga yalikuwa yanaondolewa, watu wamejaa uani. Akapiga magoti mbele ya mama, akasema yote, mpaka ule uongo wa spika. Bienfait alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatoka uani. Mama hakupaza sauti. Alimwinamia, akamuuliza kama anayeuliza njia:

"Ulimutosha, ulimutoa mule ndani ya wimbo. Sasa ulimutia fasi gani?"

Mpaka leo Ulrich anafanya kazi chumbani kwake, na mara nyingine, katika ngoma za bendi ambazo hazikuwahi kumjua Anselme, husikia pigo moja linachelewa. Hakuna aliyelipiga. Hathubutu kulifuta. Wenye wimbo humsifu, wakisema ngoma zao zimepata uhai, wakitaka kujua amefanyaje.

Yeye hushukuru kwa sauti ndogo, macho chini, uso ukimwaka kwa aibu. Kisha hufungua dirisha, ile harufu ya ngozi itoke.