Ndoo Tatu za Nepi

Kila asubuhi Kandida alifagia uwanja wa nyumba yao mtaani Kijenge, akanywa chai, akaenda shule. Alikuwa darasa la sita na aliongoza kwa hesabu, lakini hakumwazima mtu daftari lake. "Kila mtu ajisomee," alizoea kusema.

Mwezi wa tano mama yake alijifungua mapacha kwa upasuaji. Baba alikuwa safarini Mbeya na lori. Siku mama aliporudi nyumbani, Kandida alitazama ndoo tatu za nepi chafu, akaanza kulia. Mtihani wa muhula ulikuwa umebaki wiki mbili.

"Mama, itabidi niache shule kwanza," alisema.

Mara wakasikia hodi. Alikuwa jirani yao, Mama Elieshi, ameshika sabuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe hizo ndoo, mwanangu. Wewe kesho nenda shule."

Jioni Bibi Pushpa, mwenye duka la vitambaa, alileta dengu na chapati za moto. Alipombeba pacha mmoja, mtoto akamkojolea. Bibi Pushpa alicheka mpaka akakaa chini. "Basi, sasa mimi ni wa ukoo huu!" Hata mama, mwenye mshono, alicheka huku ameshika tumbo.

Majirani waliendelea kuja kila siku. Kandida hakukosa kipindi hata kimoja.

Wiki iliyofuata mwanafunzi mwenzake, Sakaya, alirudi darasani, amekonda. Alikuwa ameugua homa ya matumbo kwa wiki tatu. Aliitazama hesabu ya sehemu ubaoni, machozi yakamlengalenga. Kandida alimwona, akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyolia mbele ya zile ndoo. Akachukua daftari lake, akahamia dawati la Sakaya.

"Sogea. Tuanze mwanzo."

"Wewe? Unifundishe mimi?"

"Ndiyo. Na mapumziko tutaendelea."

Wakati wa mapumziko Kandida alikata andazi vipande vinne. "Hii ni nini?"

"Robo," Sakaya alijibu, akaila. "Na sasa zimebaki robo tatu!" Wakacheka sana.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, Sakaya alipata sabini na mbili katika hesabu. Alimkumbatia Kandida, wakazunguka mpaka wakagonga dawati.

"Kandida, nini kimekubadilisha?" aliuliza Mwalimu Theresia.

Kandida alisimulia habari za majirani mbele ya darasa. Mwalimu akaligeukia darasa.

"Mmesikia? Mwenzenu alisaidiwa, naye akapata moyo wa kusaidia. Ukizidiwa, usione aibu kupokea msaada. Na ukishapata nafuu, tazama pembeni yako: nani anahitaji mkono?"

Darasa zima likapiga makofi.