Kioo Kisichotiwa Rangi

Haya yalimkuta mpangaji wa shoga yangu, mkuu wa maabara mwenye ulimi wa upupu. Fundi wake wa maabara alipolalamika kuwa feni ya kabati la vijidudu, ile inayozuia visimfikie puani, imekufa, mkuu alimcheka: "Fanya kazi, mama! Kwani vijidudu vitakuposa?"

Fundi akaugua mapafu. Akikata roho alisema, "Mwambieni mkuu nitamletea vijidudu vyake."

Seli za mapafu yake, zilizochukuliwa kupimwa, zikabaki maabara. Mchana mmoja mkuu akajifungia chumba cha giza azitazame kwa hadubini. Vijidudu hung'aa kijani vikitiwa rangi. Kioo hiki chenye seli za fundi hakikutiwa, kilipaswa kuwa giza tupu. Kiling'aa.

Akazima taa ya hadubini haraka. Gizani kikasikika kikohozi cha fundi, nacho kilitoka kinywani mwa mkuu mwenyewe. Akainama. Ndani ya koti, kifuani, kijani kilikuwa kinawaka.