Tusekile Hafichi Mdomo

Kule Tukuyu migomba ni mingi, na mvua haichoki. Asubuhi inanyesha. Mchana inanyesha. Ikipumzika kidogo tu, watoto wote hukimbilia uwanjani.

Tusekile naye hukimbia. Pa pa pa pa! Ana miaka sita, magoti yenye tope, na kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo ya mto.

Tusekile alizaliwa mdomo wake wa juu umepasuka. Hapa, chini ya pua. Daktari akaushona Tusekile angali mtoto mchanga. Ukapona. Likabaki kovu, kama mstari mwembamba.

Na ndani, juu kwenye paa la kinywa, pamebaki upenyo mdogo. Akiongea, pumzi hupenya hapo na kutokea puani. Basi akiita "Baba!", watu husikia "Mama!"

Baba yake huitika vilevile. "Naam, mwanangu!"

Lakini lipo neno moja ambalo Tusekile hulisema vizuri kuliko watoto wote wa mtaani kwao. Neno hilo ni ng'o.

Ng'o! Umesikia? Safi kabisa.

Siku moja mvua iliacha mapema. Tusekile akashika njia ya uwanjani. Akamkuta jirani yao, Mama Nsajigwa, amekaa kando ya njia anauza ndizi.

"Shikamoo, Mama Nsajigwa."

"Marahaba, mwanangu." Mama Nsajigwa akamtazama mdomo. Akatikisa kichwa. Akatoa leso yake. "Chukua hii, jifunike hapo mdomoni. Watu wasikuangalie."

Tusekile akaitazama ile leso. Ilikuwa na maua mekundu. Nzuri sana! Akamrudishia kwa mikono miwili.

"Asante, Mama Nsajigwa. Lakini,

mdomo ni wangu.
Siufichi, ng'o!"

Mama Nsajigwa akabaki na leso mkononi. Na Tusekile huyoo! Pa pa pa pa!

Uwanjani kulikuwa na kelele.

"Goli!"

"Si goli!"

"Nasema goli!"

"Si goli, umeotea!"

Watoto walikuwa wanagombana, pua kwa pua. Mpira wao wa makaratasi umelala kwenye tope, hauna wa kuupiga.

"Tunataka refa," akasema Lusajo, golikipa. "Bila refa hatuchezi, tunapigana tu."

Lakini nani awe refa? Kila mtu alitaka kucheza. Kila mtu akaangalia chini.

"Mimi!" akasema Tusekile. "Mimi naona kila kitu. Nitakuwa refa."

Gwamaka akageuka. Gwamaka alikuwa mkubwa kuliko wote, na filimbi ilikuwa yake. Filimbi ya bluu, inaning'inia kwa kamba shingoni.

"Wewe?" akasema Gwamaka. "Refa anapuliza filimbi. Mdomo wa kushonwa utapuliza nini?"

Watoto wakacheka. Kwa! Kwa! Kwa!

Tusekile akahisi mashavu yanawaka. Lakini hakuinamisha kichwa.

"Mdomo ni wangu," akasema. "Siufichi, ng'o! Lete hiyo filimbi."

Gwamaka akampa. Watoto wakamkodolea macho.

Tusekile akavuta pumzi. Akaweka filimbi mdomoni. Akapuliza.

Hhhnnn.

Pumzi ilipita wapi? Ilipanda juu, ikapenya, ikatokea puani. Filimbi haikulia hata kidogo.

Akapuliza tena, kwa nguvu zaidi.

Hhhnnn!

Kamasi kidogo ikatoka. Ndiyo, kamasi! Watoto wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Lusajo naye akacheka.

Gwamaka akachukua filimbi yake, akaifuta kwenye shati. "Si nimesema?"

Tusekile akaondoka. Safari hii hakukimbia. Alitembea polepole. Pa. Pa. Pa. Alipofika kwenye migomba, pale ambapo hakuna wa kumwona, akalia.

Kisha akafuta macho, akaenda nyumbani.

Bibi yake alikuwa jikoni, anabandika sufuria. Alimtazama mjukuu wake mara moja tu, akajua.

"Nani amekuliza?"

"Filimbi," akasema Tusekile.

"Filimbi inaliza watu?"

"Imekataa kulia yenyewe. Ndiyo maana nimelia mimi."

Bibi akataka kucheka. Hakucheka. Akamvuta karibu, akamfuta tope shavuni kwa kidole gumba.

"Basi kesho usiende huko," akasema Bibi. "Kaa na mimi hapa jikoni. Hakuna wa kukucheka hapa."

Jikoni palikuwa na joto. Palinukia maharage. Tusekile akafikiri. Akafikiri sana.

"Hapana, Bibi. Kesho naenda."

"Wakikucheka tena je?"

"Uwanja ni wetu sote. Siuachi, ng'o!"

Bibi akamtazama. Akatazama jiko. Kumbe moto ulikuwa unazimika!

"Haya, mkaidi wangu. Nipulizie moto huo, nami nitafute kuni kavu."

Tusekile akainama kwenye mafiga. Akapuliza.

Hhhnnn. Moto haukujali.

Akasogea karibu zaidi. Moshi ukapanda, ukamwingia puani. Aaa! Unawasha! Tusekile akabana pua yake kwa vidole viwili ili moshi usiingie. Akapuliza hivyo hivyo, huku amebana.

FUUUUUUU!

Majivu yakaruka. Moto ukawaka, ndimi zikapanda mpaka kwenye sufuria. Bibi aligeuka na kuni zake, majivu yakamtua usoni.

"Chaf! Chaf! Chafya!" Bibi akapiga chafya. "Mtoto wewe! Umemeza upepo wa mlima gani?"

Tusekile akainua mkono. Alikuwa anavitazama vidole vyake.

Akaachia pua. Akapuliza. Hhhnnn.

Akabana pua. Akapuliza. FUUUUUUU!

"Bibi!" akapiga kelele. "Bibi, nikibana hapa juu, pumzi inakosa njia! Inatokea mdomoni yote!"

"Nimeona," akasema Bibi, uso mweupe kwa majivu. "Na nimeila."

Kesho yake mvua iliponyamaza, Tusekile alikuwa wa kwanza kufika uwanjani. Watoto wakaja mmoja mmoja. Gwamaka akaja, na filimbi yake shingoni.

"Nipe filimbi," akasema Tusekile.

"Jana ulishindwa."

"Jana ni jana. Leo nipe."

Gwamaka akatabasamu upande mmoja. Akampa. Alitaka kucheka tena.

Tusekile akavuta pumzi. Akaweka filimbi mdomoni. Akabana pua kwa vidole viwili.

PRRRIIIIIIII!

Kuku wakatimka. Mbuzi wa jirani akaruka. Lusajo akaziba masikio.

"He!" akasema mtoto mmoja. "Anashika pua! Refa gani anashika pua? Ha ha ha!"

Tusekile akamgeukia.

"Pua ni yangu. Naibana nikitaka. Na mdomo ni wangu. Siufichi, ng'o! Mnacheza au hamchezi?"

Watoto wakatazamana.

"Tunacheza," akasema Lusajo.

PRRRIIIII! Mpira ukaanza.

Tusekile alikimbia kila mahali. Mpira ukienda kulia, naye yuko kulia. Mpira ukienda kushoto, naye yuko kushoto. Pa pa pa pa! Mtu akisukumwa, PRRRIIII! Mtu akivutwa shati, PRRRIIII! Hakuna aliyegombana. Hapakuwa na nafasi ya kugombana.

Kisha mpira ukapigwa juu, juu kabisa. Gwamaka akaruka, akaugusa kwa mkono. Haraka sana! Akautuliza chini, akapiga.

"Goliii!" akashangilia Gwamaka.

PRRRIIIIII!

"Mkono," akasema Tusekile.

"Sikugusa!"

"Umegusa."

"Nasema sikugusa!" Gwamaka akamsogelea. Alikuwa mrefu. Kivuli chake kilimfunika Tusekile mzima. "Filimbi ni yangu. Ukisema mkono, naichukua. Hutakuwa refa tena."

Watoto wote wakageuka kuwatazama. Hata mbuzi aligeuka.

Tusekile akaishika filimbi kwa nguvu. Alikuwa anaipenda sasa. Ilimlilia vizuri.

Akaivua shingoni. Akampa Gwamaka.

"Chukua. Filimbi ni yako. Lakini mkono ni mkono. Siufuti, ng'o!"

Akaenda pembeni. Akasimama pale, mikono kiunoni.

Gwamaka akaweka filimbi mdomoni. Prii! "Haya, goli! Tuendelee!"

Hakuna aliyesogea.

Prii! "Tuendelee, nimesema!"

Lusajo akakaa chini golini kwake. Chubwi! Kwenye tope.

"Refa amesema mkono," akasema Lusajo. "Mimi pia nimeuona."

Mwingine akakaa. Mwingine tena akakaa. Hata yule mtoto aliyecheka pua, naye akakaa. Chubwi! Chubwi! Chubwi! Uwanja wote umekaa kwenye tope, kasoro watu wawili. Gwamaka katikati. Tusekile pembeni.

Gwamaka akaangalia mpira. Akaangalia mkono wake. Mkononi palikuwa na doa la tope, duara kama mpira wenyewe. Akauficha nyuma. Kisha akautoa.

Akatembea hadi kwa Tusekile.

"Niligusa kidogo tu," akasema kwa sauti ndogo.

"Kidogo ni mkono."

"Haya. Ni mkono." Akamnyooshea filimbi. "Njoo."

Tusekile hakuipokea.

"Na jana?" akauliza.

Gwamaka akakuna kichwa. "Jana nilikucheka. Nilikosea."

"Ulisema mdomo wa kushonwa utapuliza nini."

"Najua." Gwamaka akatazama lile kovu, safari hii bila kucheka. "Panauma?"

"Hapana. Kinachouma ni kuchekwa."

Gwamaka akaikunja kamba ya filimbi kidoleni. Kisha akasema, "Sikucheki tena, Tusekile. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ukirudia nakutoa nje ya uwanja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka migomba izae maembe."

Watoto wakacheka. Kwa! Kwa! Kwa! Na Tusekile akacheka, na Gwamaka akacheka. Kicheko hiki hakikumchoma mtu.

Tusekile akapokea filimbi. Akabana pua.

PRRRIIIIIII!

Wakacheza mpaka mawingu yakarudi. Tone moja. Matone mawili. Halafu mvua yote kwa pamoja. Shaaaaa! Watoto wakatawanyika wakipiga mayowe, kila mmoja kwao.

Tusekile akapita mbio mbele ya Mama Nsajigwa, aliyekuwa anafunika ndizi zake.

"Shikamoo, Mama Nsajigwa! Nimekuwa refa!"

"Marahaba! Wewe? Kwa mdomo upi?"

"Huu huu!"

Mama Nsajigwa akaacha kufunika. Akanyofoa ndizi moja mbivu kwenye chane, akamtupia. Tusekile akaidaka kwa mikono yote miwili.

Jioni hiyo Bibi alimwosha miguu kwa maji ya moto. Tope lilikuwa jingi. Tusekile alikuwa anasimulia, na Bibi anasikiliza. Alisimulia mkono wa Gwamaka. Alisimulia watoto kwenye tope, chubwi, chubwi. Bibi akacheka mpaka akamwaga maji.

"Kwa hiyo kesho wewe ndiye refa tena?" akauliza Bibi.

"Hapana. Kesho Gwamaka ndiye refa."

"He! Kwa nini?"

"Kwa sababu kesho mimi nataka kufunga goli."

Akapanda kitandani. Nje mvua ilikuwa inaimba juu ya bati, ta ta ta ta. Akapiga mwayo mkubwa. Kabla Bibi hajageuka, alikuwa amekwisha kulala, mdomo wazi, anakoroma. Khooo. Khooo.

Bibi akavuta blanketi. Akalifunika tumbo. Akayafunika mabega. Akalipandisha mpaka kidevuni.

Akaishia hapo.