Simu Iliyonyamaza Tembo Walipokuja

Wankyo alikuwa na kazi moja isiyo na mshahara, lakini aliipenda. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kitongojini, nje ya mji wa Bunda, upande wa hifadhi. Nyuma ya shamba lake la mihogo kulikuwa na korongo. Ng'ambo ya korongo walikaa wanyama.

Majirani wengi walikuwa na vitochi, zile simu ndogo za kupiga na kupokea tu. Wankyo alikuwa na simu janja. Kwa hiyo walikubaliana hivi: Werema, askari wa wanyamapori wa kijiji, akiona tembo wanasogea, anaandika kwenye kundi la simu la kijiji. Simu ya Wankyo inalia. Wankyo anachukua debe na kulipiga kwa nguvu. Kila anayesikia anaingiza watoto ndani. Kisha watu wazima wanapiga madebe yao, wakiwa mbali, mpaka tembo wageuke.

Utaratibu huo ulikuwa umewasaidia sana.

Jioni moja, wakati wa mavuno ya mtama, Wankyo alikuwa anasonga ugali wa udaga, unga wa mihogo iliyovundikwa. Mume wake, Burito, alikuwa anafunga ndama. Simu ilikuwa dirishani, kimya.

Ghafla walisikia ukelele kutoka kwa jirani yao Mugeta.

"Tembo! Tembo shambani!"

Wankyo aliacha mwiko ndani ya sufuria, akakimbilia debe. Alipiga mpaka mikono ikauma. Lakini alikuwa amechelewa. Tembo walipoondoka, nusu ya mtama wa Mugeta ilikuwa imelala chini, imeliwa na kukanyagwa.

Asubuhi Mugeta alikuja. Alipewa kiti, hakukikalia.

"Shemeji, jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa, shemeji. Simu haikulia."

"Haikulia? Werema amenionyesha simu yake. Aliandika jua likiwa bado juu. Na wewe umo kwenye kundi."

Wankyo alichukua simu, akafungua kundi. Lilifunguka, likajifunga. Akafungua tena. Likajifunga tena. Aliporudia, likakaa. Hapo simu ikaanza kulia mfululizo. Ujumbe wote wa jana ulikuwa unaingia kwa pamoja. Wa Werema ulikuwemo.

"Si huo hapo!" alisema Mugeta.

"Umeingia sasa hivi. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia simu inalia. Inalilia nini, mimi sijui. Tangu tugombanie ule mpaka wa mashamba yetu, nilijua iko siku utanilipiza."

"Mugeta! Mimi niwaitie watu tembo?"

"Kuwaita hukuwaita. Umenyamaza tu. Nitamwambia mwenyekiti kazi hii apewe mtu mwingine. Mtama wa Anastazia bado uko shambani, na yule ni mjane. Ukiliwa, watoto wake watakula nini?"

Akaondoka. Wankyo alibaki ameshika simu. Maneno ya mpaka yalimuuma. Ila lile la Anastazia lilimuuma zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Huwaga hainisumbui hivi," alimwambia mume wake. "Imeanza juzi, tangu iliposema kuna sasisho jipya, nikakubali. Ilijizima, ikajiwasha, sura yake ikabadilika kidogo."

"Basi tuirudishe kama ilivyotoka kiwandani," alisema Burito. "Jamaa mmoja aliniambia. Unafuta kila kitu, inakuwa mpya."

Wankyo alikataa.

"Tukifuta kila kitu, Mugeta atasema tumefuta ushahidi. Hapana. Naenda Manyamanyama kwa Jenoveva. Na Mugeta nitakwenda naye."

Jenoveva alikuwa fundi simu. Mugeta alipoambiwa, alikuna kidevu.

"Nauli yangu analipa nani?"

"Nitalipa mimi."

"Hapana, nitajilipia. Nisije nikaambiwa nimehongwa."

Walikwenda kila mmoja na bodaboda yake. Kwenye kibanda, Jenoveva aliwasikiliza wote wawili bila kuwakatiza. Kisha aliuliza, "Mama, umeshafuta kitu chochote?"

"Bado."

"Vizuri sana. Watu wengi hukimbilia kufuta. Picha zinapotea, namba zinapotea, na tatizo linaweza kubaki pale pale. Kwanza tuone simu inafanya nini."

Alizima mwanga wa kioo cha simu ya Wankyo, akaiweka mezani. Akachukua yake, akamtumia Wankyo ujumbe kwa programu ile ile ya kundi: "Tembo wanakuja."

Walisubiri. Simu ya Wankyo haikulia.

"Hujatuma," alisema Mugeta.

"Nimetuma, baba. Huu hapa."

"Tuma tena."

Alituma tena. Kimya. Mugeta aliinamia meza, akaitazama ile simu kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Jenoveva akagusa kioo, akafungua programu ya kundi. Ujumbe wote ukaingia hapo hapo, na simu ikalia.

Mugeta alikaa kwenye benchi.

"Kumbe inalala," alisema polepole.

"Ndiyo, inalala," alijibu Jenoveva. "Sasisho si baya. Linaziba matundu ambayo wezi wa mtandao wangepitia. Lakini wakati mwingine linabadilisha mipangilio. Simu hii sasa inabana chaji. Programu ambayo hujaifungua kwa muda, inailaza."

"Na kule kujifunga?" aliuliza Wankyo.

"Mfumo wa simu ni mpya, programu ya kundi ni ya zamani. Havielewani. Programu nayo ilitakiwa kusasishwa, ila imekosa nafasi. Simu imejaa. Hizi video zote ni za nini?"

"Za Burito. Ngoma na harusi. Nyingine harusi zenyewe hatukualikwa."

Mugeta alicheka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

Jenoveva alianza kazi, akieleza kila anachofanya. Alihamishia picha muhimu kwenye memori kadi. Aliuliza kabla ya kufuta kila video. Nafasi ilipopatikana, aliingia kwenye duka la programu lililo ndani ya simu, akasasisha programu ya kundi. Akaenda kwenye mipangilio ya betri, akairuhusu programu hiyo ifanye kazi muda wote. Mwisho, aliizima simu na kuiwasha upya.

"Chaji itaisha mapema kidogo," alisema. "Hilo ulijue. Sasa tujaribu tena."

Alizima mwanga wa kioo, akatuma. Simu ikalia mpaka Mugeta akashtuka.

"Imepona!"

"Bado msiiamini, baba. Simu ni chombo. Inaisha chaji, mtandao unakatika. Werema akiandika, anajuaje kama mama amepata?"

Wankyo na Mugeta walitazamana. Hilo hawakuwahi kulifikiria.

"Basi mimi nitajibu 'nimepata'," alisema Wankyo.

"Na usipojibu?"

"Anipigie."

"Na simu yako ikiwa imezima?"

Wankyo aliitazama simu yake. Mugeta akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitochi chake. Kilikuwa kimefungwa kwa mpira ili kifuniko kisianguke.

"Anipigie mimi," alisema. "Hiki hakina sasisho wala nini. Na debe ninalo."

Waliporudi, walimweleza Werema, naye akakubali. Tangu hapo kila alasiri alituma ujumbe wa majaribio. Wankyo alijibu, "Nimepata." Mugeta naye alipigiwa na kupokea, hata kama alikuwa anakunywa uji.

Siku chache baadaye, jua likielekea kuzama, simu ya Wankyo ililia. "Tembo korongoni. Wanaelekea kwa Anastazia."

Wankyo alijibu, akakamata debe. Hakuwa amelipiga sana alipomsikia Mugeta akipiga lake upande wa pili. Baada ya hapo madebe yalijibu kutoka kila nyumba. Watoto waliingizwa ndani. Watu walisimama mbali, wakapiga kelele pamoja. Tembo walisimama ng'ambo ya korongo, wakapepea masikio, kisha wakageuka kurudi walikotoka. Hakuna suke lililoguswa.

Mwenyekiti wa kitongoji alifika akihema.

"Mugeta, ulisema tumtafute mtu mwingine wa kazi hii. Umeshampata?"

Mugeta aliangalia chini, akapangusa jasho.

"Nilisema kabla sijaona, mwenyekiti. Sasa nimeona. Kazi ni ya shemeji, mimi ni msaidizi wake." Akamgeukia Wankyo. "Lile neno la mpaka, shemeji, nilikuonea."

"Limeisha, shemeji."

Kesho yake waliingia wote kwa Anastazia, wakamsaidia kuvuna. Katikati ya kazi, simu ya Wankyo ilionyesha kwamba kuna sasisho jingine.

"Likatae!" alisema Mugeta.

"Sikatai," alijibu Wankyo. "Ni asubuhi bado. Nikirudi nyumbani nitaliweka, kisha Werema atatuma, tuone kama inalia. Ikigoma, tuna mchana mzima wa kwenda kwa Jenoveva."

Mugeta alitikisa kichwa kukubali, akainama kukata masuke. Kikapu cha Anastazia kilikuwa kimejaa, akaomba aletewe kingine.