Chumba cha Nne

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi bomba. Siku hizi ukimgongea mlango, anaruka.

Mama mmoja alimwita amfungie vinyunyizio darini, vile vinavyomwaga maji vyenyewe moto ukizuka. "Nina watoto, fundi. Sitaki kubahatisha." Wakakubaliana fundi apande darini, mama apite chumba kwa chumba akigonga dari kwa mpini wa ufagio. Panapogongwa, fundi anatoboa.

Kule juu giza totoro, mchana kweupe. Ngo, ngo, sebuleni. Ngo, ngo, jikoni. Ngo, ngo, chumba cha watoto. Kisha ikagongwa mwisho wa nyumba, harakaharaka, kama na mtu anayeishiwa pumzi. Fundi akatambaa hadi pale, akaweka kiganja. Ubao ulikuwa wa moto. Akatoboa.

Aliposhuka, alimkuta mama uani anaanua nguo. "Mbona umekawia, fundi? Vyumba si ni vitatu tu?"

Wakaenda wote mwisho wa korido. Palikuwa na ukuta mtupu, hauna hata mlango. Fundi akajichekesha, akaugonga kwa kidole.

Ngo, ngo. Ukuta ukajibu, kutoka chini, usawa wa goti lake.