Mikono ya Loda Kule Machimboni

Eucabeth alimfunga mtoto mgongoni, akajitwika kikapu cha ugali na samaki, akashika njia ya machimbo ya murram, ule udongo mwekundu wa kutandaza barabarani, nje ya Malaba. Usiku kucha mvua ilinyesha, sasa jua lilikuwa linawaka vizuri. Mumewe, Barnabas, fundi wa mitambo, alikuwa huko tangu asubuhi. Ilikuwa mwaka wa sitini na saba. Barabara ya mpakani ilikuwa inatengenezwa, na kazi yote ilisimama kwa sababu ya loda moja kuukuu, ile mashine ya magurudumu yenye beleshi kubwa la chuma mbele.

Loda hiyo ndiyo iliyomuua Zephaniah, dereva wake. Alikuwa amesimama chini ya beleshi akikwangua matope, paipu ya mafuta ikapasuka, mikono ya chuma ikamshukia. Eucabeth alimlilia kama ndugu wa tumbo moja. Kila alipoleta chakula, Zephaniah alikuwa akizima injini akimwona tu kwa mbali, ili mtoto asishtuke usingizini. Hakuna aliyemwomba kufanya hivyo.

Njiani alimkuta Methuselah, kaka mkubwa wa Zephaniah, ametoka kwao Funyula na tawi bichi mkononi. Wakaongozana. Eucabeth alimuuliza kwa upole tawi lilikuwa la nini, naye akamweleza bila kumtazama. Kwao, mtu akifia mbali, ndugu husimama pale alipoangukia, humwita kwa jina na kumwambia twende nyumbani. Ndipo mwili huondolewa. Siku ile mvua ilikuwa kubwa, lori likawa linawaharakisha, na kila ndugu alidhani mwenzake amekwisha kuita. Wakaenda, wakazika.

"Mama anakaa karibu na lile kaburi kila siku," Methuselah alisema. "Anasema halina mtu."

Machimboni kulikuwa kimya. Vibarua walikuwa wamekwenda kula. Methuselah alibaki nyuma ya mashine, akitafuta mahali penyewe. Eucabeth alizunguka mbele.

Beleshi lilikuwa juu. Barnabas alikuwa amejipenyeza kati ya mikono ya chuma na bodi, amezama hadi kiunoni, miguu tu ikionekana. Alimsalimia mkewe kutoka humo ndani, kwa furaha. Ugonjwa wa mashine alikuwa ameupata. Gia ya mbele ilikuwa ikiteleza ikishapata moto, na mikono ilikuwa inashuka yenyewe ikibeba mzigo. Hilo la gia lingengoja, mafuta ya giaboksi yalikuwa yameungua, yangebadilishwa. Lakini mafuta ya kuinulia mikono yalikuwa na povu kama maji ya sabuni, maana yake pampu ilikuwa inavuta hewa mahali. Alifuata paipu moja moja mpaka akaona ufa. Paipu hiyo haikufikika mikono ikiwa chini. Kwa hiyo aliinyanyua, akaitegemeza kwa gogo, akazima injini, akafungua paipu. Mafuta yote yalikuwa yamemwagika kwenye karai.

Eucabeth alitazama karai. Limejaa.

Akatafuta gogo.

Gogo lilikuwa limelala pembeni. Murram iliyolowa ilikuwa imelainika, likateleza. Halikugusa kitu chochote.

Mikono ilikuwa juu. Hakukuwa na mafuta. Hakukuwa na gogo. Na pale, karibu na mumewe, mtu alikuwa anapumua. Pumzi nzito, ya mtu aliyebeba gunia kwa muda mrefu na hajaonyeshwa pa kulitua.

"Barnabas," alinong'ona. "Ni wewe unapumua hivyo?"

"Nilidhani ni wewe," Barnabas alijibu.

Mtoto alinyoosha mkono juu ya bega la mama yake. Alikuwa anacheka. Alikuwa anatazama pahali patupu ubavuni mwa baba yake, kama anavyotazama mtu anayemjua.

Eucabeth alimwambia mumewe atoke. Polepole, asiguse chuma. Barnabas aliisikia sauti yake. Alianza kurudi nyuma. Shati likanasa kwenye nati.

Ndipo sauti ya Methuselah ikapanda kutoka nyuma ya mashine, wazi, yenye machozi.

"Zephaniah. Twende nyumbani."

Mikono ikashuka.

Ilishuka kidogo, ikasimama, ikitetemeka. Barnabas aliguna. Chuma kilikuwa kimemgusa mgongo. Ile pumzi ikawa kilio kidogo, cha ndani kwa ndani.

Eucabeth alikimbia. Alimkuta Methuselah ameinua tawi, amefungua mdomo aite tena. Aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Shemeji, usimwite. Mwambie angoje. Bado ameibeba mikono juu ya mume wangu."

Methuselah alimtazama. Alikuwa amekuja kumchukua ndugu yake, na sasa anaambiwa amwache kwenye mateso.

"Zephaniah," akasema mwishowe, polepole. "Ngoja. Ngoja kidogo, mdogo wangu."

Shati lilisikika likichanika. Barnabas alianguka matopeni, akatambaa, akafika miguuni mwao. Eucabeth alimshika kichwa, akakipapasa, akampapasa na mgongo. Kisha akamwitikia Methuselah kwa kichwa.

"Haya. Twende," Methuselah alimwambia ndugu yake.

Mikono iliporomoka kwa kishindo, ardhi ikatikisika. Mtoto akaacha kucheka, akaanza kulia.

Methuselah aliondoka na tawi lake bila kugeuka, kwa maana hairuhusiwi kugeuka. Alitembea upande mmoja wa njia, akiacha nafasi ya mtu wa pili.

Vibarua waliporudi waliinua mikono kwa jeki na minyororo, wakaweka magogo imara. Barnabas aliinama kutazama chini ya chuma, pale alipokuwa amejipenyeza. Akamwita mkewe kwa ishara. Kutu ya miaka mingi ilikuwa imefutika mahali pawili, chuma kinang'aa. Kati ya mahali hapo pawili palikuwa na upana wa mabega ya mtu.

Eucabeth aligusa. Palikuwa na unyevu na joto. Alipolamba kidole, kilikuwa na chumvi.