Bamba la Shaba la Gaudensi

Tangu bamba lile la shaba litundikwe dukani, Gaudensi alikuwa akiingia mlangoni kwa kuinama, ilhali mlango ulimzidi urefu. Wiki ya pili shingo ikagoma kunyooka, akawa mtu wa kulala. Ndipo mkewe, Epifania, alipomwita Mwalimu Modesti aje awasomee picha iliyochongwa kwenye bamba hilo.

Modesti alifika akiwa ameshakasirika. Alifundisha historia miaka thelathini, na Sumbawanga nzima hakuwahi kuona mtu mwenye akili. Siku hizi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila muuza sabuni na mitumba alijiona bwana. Huyu naye kanunua shaba kuukuu kwa mchuuzi wa Kasanga, akidhani mzungu atapita ainunue.

"Shikamoo, Mwalimu," Gaudensi alisema toka mkekani, kidevu kikigusa kifua.

"Marahaba. Nyie mkiumwa shingo mnasingizia majini. Hospitali ipo."

"Tumekwenda, hawakuona kitu," Epifania alinong'ona. "Lakini kuna kitu kinahema humu, Mwalimu. Na harufu."

Harufu ilikuwepo, ya jasho na kamba mbichi. Modesti aliipuuza. Akavaa miwani, akaisoma picha kama anayesahihisha daftari la mjinga.

"Afisa wa Kijerumani. Luteni, tazama mabega. Nishani mbili. Kashika upanga kwa kuwa kichwani hamna kitu. Basi."

"Na yule nyuma yake?"

Nyuma ya buti, mdogo kama kidole, mpagazi alikuwa ameinama chini ya sanduku.

"Huyo si mtu wa kusomwa. Mchongaji alibakiwa na nafasi, akaijaza."

Kitu kilichokuwa kikihema kikanyamaza. Gaudensi akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mzee, kavu, isiyo na haraka.

"Umemsoma mpaka vifungo. Mimi umeniruka."

Epifania alipiga magoti. "Shikamoo, babu. Utusamehe, hatukukuona. Mtue mume wangu."

"Marahaba, mama. Wewe umeniamkia, namtua. Jina langu atalitafuta huyu msomi."

"Mpagazi ana jina gani," Modesti alianza kusema kwa dharau, lakini hakumaliza, maana kitu kisichoonekana, kizito, chenye pembe kali kama za sanduku, kilikuwa kimemshukia mabegani taratibu, kikimsukuma kichwa chini kidogo kidogo, huku ile harufu ya kamba ikimjaa puani na mtu akihema palepale nyuma ya sikio lake, naye asiweze kugeuka.

Gaudensi akaketi, shingo imenyooka. Kwenye shaba, nyuma ya buti, hapakuwa na mtu.

Masika ya mwaka ule Modesti alionekana kijijini Kate, kisha Kabwe, kisha Kasanga, amepinda mgongo, akibisha hodi kila nyumba yenye mzee. Aliwaamkia wote, hata wasiojua kusoma, akiwauliza jina la mpagazi aliyekufa njiani enzi za Wajerumani. Wazee walimtajia majina, kwa kuwa waliokufa walikuwa wengi. Kila jina alilitamka kwa sauti, akangoja mzigo ushuke, kisha magoti yakazidi kukunjika.